Makonyo na Elimu ya Kutenganisha

Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja, na tangu hapo Pemba ndiyo iliyolibeba zao hilo. Makonyo ya karafuu hupelekwa kiwandani Wawi, Chake Chake, yakatolewa mafuta kwa mvuke. Lakini mafuta hayo bado ni mchanganyiko: mna eujenoli, itulizayo jino linalouma, na vitu vinginevyo.

Mchanganyiko hutenganishwaje? Mwanzoni mwa karne ya 20, mjini Warsaw, Mrusi Mikhail Tsvet alisaga majani mabichi, akayeyusha rangi zake, akazimimina katika mrija wa kioo uliojaa unga wa chaki. Rangi iliyoshikwa sana na chaki ilibaki juu, nyingine ikateremka. Kijani na manjano zikaachana. Mwaka 1906 akaiita njia hiyo kromatografia. Wengi waliipuuza, hata ikafufuliwa Heidelberg mwaka 1931, mwenyewe keshafariki mwaka 1919.

Basi mwanafunzi wa Pemba ajifunzaye njia hii maabarani asidhani anasoma mambo ya Ulaya. Anaisoma karafuu yake. Asiyejua kilichomo ndani ya mali yake hupangiwa bei na anayejua.