Michezo ya darasani inavyosaidia wanafunzi kukumbuka maneno ya Kiarabu

Mwanafunzi wa Bariadi anapohesabu sita, saba, tisa, ishirini, mia na elfu, tayari anatumia maneno yenye asili ya Kiarabu. Kitabu, kalamu, dawa, samaki na dakika ni vivyo hivyo. Lakini wengi wanaosoma lugha hii, iwe madrasa au katika shule ambako ni somo la hiari, hukariri orodha ubaoni na kuisahau baada ya mtihani.

Msikilizaji, ukiona watoto wakicheza darasani huenda ukadhani muda unapotea. Mchezo una kazi yake: unamfanya mwanafunzi alitafute neno kichwani mwake badala ya kulisoma tu. Kila anapolikumbuka, linazidi kukaa.

Tunakuletea michezo mitatu isiyohitaji umeme wala fedha nyingi.

Bingo ya namba
Kila mwanafunzi anachora vyumba 9 kwenye daftari na kuandika namba tofauti kati ya 1 na 10. Mwalimu anataja namba kwa Kiarabu, na mwenye namba hiyo anaweka punje ya mahindi au mbegu ya pamba juu yake. Anayejaza mstari wa kwanza hashindi mpaka azisome namba zake kwa Kiarabu. Anzeni na zinazofanana na zetu: sitta, sab'a, tis'a. Kisha wahid, ithnan, thalatha.

Kadi za jozi
Kata boksi kuukuu vipande vidogo. Kimoja kiwe na neno, kingine picha yake. Vilazwe kifudifudi, mchezaji anafunua viwili, na vikilingana anavichukua. Darasa likiwa kubwa, gaweni makundi ya watu 5 au 6.

Sikia, gusa
Mwalimu anasema ra's, wanafunzi wanagusa kichwa, yad, mkono, qalb, kifua. Ghafla anasema kalb. Anayegusa kifua anatoka, kwa sababu qalb ni moyo, lakini kalb ni mbwa. Hapa sikio ndilo linalofundishwa.

Maneno ya kuangalia
Kufanana kusitudanganye. Ajali kwetu ni kama gari kupinduka. Ajal ya Kiarabu ni muda uliopangwa, hasa wa kufa. Alhamisi kwa Kiarabu ni siku ya tano kuanzia Jumapili, ilhali sisi siku ya tano ni Jumatano, kwa kuwa tunaanzia Jumamosi. Na wingi wa kitab ni kutub, si vitabu.

Mwalimu, dakika 10 zinatosha. Malizia kwa kuandika maneno daftarini, na uyarudie baada ya siku chache. Mzazi, leo jioni usimuulize mtoto kama amecheza. Mwambie ahesabu mpaka ashara, yaani kumi, bila kufungua daftari.