Tabasamu la Kujifunza

Shangazi yangu aliamka siku moja mdomo umekwenda upande. Jicho la kushoto halifumbi, chai inammwagikia kifuani. Majirani wakasema eti kapigwa na upepo wa jini. Tangu hapo akawa anaficha uso kwa khanga, hata harusini hakwenda. Nami, kijana niliyeishia kidato cha nne, nikaanza kujiuliza: hivi uso unaendeshwa na nini?

Kumbe swali hilo ni la zamani. Mwaka 1821, Charles Bell, mpasuaji Mskoti aliyefanya kazi London, alieleza kuwa uso una mshipa wake wa fahamu unaochezesha misuli, mbali na ule wa kuhisi. Ukipooza, mtu huhisi ukimgusa shavu, lakini kucheka hawezi. Ugonjwa wa uso kupooza ghafla ukapewa jina lake.

Lakini kujua si kuponya. Mwaka 1895, huko huko London, Charles Ballance aliunga mshipa wa uso uliokufa na ule wa bega. Uso ukapata uhai, ila ukawa mtumwa wa bega: bega likiinuka, na shavu linacheza! Mwaka 1901 Werner Körte, Mjerumani, akaazima mshipa wa ulimi. Mwaka 1976 Kiyonori Harii na wenzake, Wajapani, wakahamishia shavuni msuli wa paja, wakauunga kwenye mshipa wa fahamu wa kutafunia.

Je, kazi imekwisha? La hasha! Kisu huleta mwendo tu. Aliyeazimwa mshipa wa kutafunia huanza kutabasamu kwa kuuma meno mbele ya kioo, polepole, miezi na miezi, mpaka ubongo uzoee.

Shangazi hakuhitaji kisu. Mshipa wake haukukatika, na wengi wa namna yake hupona kwa wiki au miezi. Alipewa vidonge, dawa ya jicho, na mazoezi ya kioo.

Jioni moja nilimkuta kibarazani na kioo chake.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba baba. Hebu nitazame."

Khanga ilikuwa mabegani. Pembe ya kushoto ya mdomo ikapanda kidogo, kidogo tu. Basi, sijapata kuona tabasamu lililotolewa jasho namna ile.