Somo la Historia: Kipimo cha Stesheni

 

Labda utauliza: sisi hapa Babati hatuna reli, anayetaka kupanda gari la moshi hana budi kusafiri kwanza kwa barabara; mpaka Arusha tu ni kilometa 170 hivi. Kwa nini basi tujifunze habari za stesheni? Sababu ni kwamba stesheni ni kama kibaba. Hata kikiwa kitupu, ukikitazama unajua kilifanywa kipimie nini.

Tuanze mbali, huko London, zama za Malkia Victoria aliyetawala Uingereza tangu 1837 hata 1901. Mwaka 1868 ilifunguliwa stesheni ya St Pancras. Reli yake ilipita juu ya mfereji wa maji, kwa hiyo ilifika mjini ikiwa juu kuliko barabara. Injinia William Henry Barlow angeweza kuijaza kifusi nafasi iliyobaki chini. Lakini kampuni ilikuwa na biashara kubwa ya kuleta bia kutoka mji wa Burton, nayo ilihitaji ghala. Basi akaiacha nafasi wazi, akasimamisha nguzo za chuma, na umbali wa nguzo hata nguzo akaupima kwa mapipa ya bia.

Paa nalo likalitii ghala. Nguzo za katikati zingeshuka mpaka chini na kuzuia mapipa. Hivyo alijenga paa moja la chuma na kioo, upana wake futi 240, yaani meta 73 hivi, bila nguzo hata moja katikati. Fikiri upinde: mti wake ni paa, na kamba yake ni mihimili ya chuma iliyo chini ya reli, inayozuia miguu ya paa isitanuke. Mbele ikajengwa hoteli ya matofali mekundu yenye minara, kazi ya George Gilbert Scott, ikafunguliwa 1873. Wageni waliistaajabia minara. Mapipa yalikuwa chini, hawakuyaona.

Sasa turudi kwetu. Mwaka 1893, Victoria akiwa hai bado, kampuni ya Wajerumani ilianza kutandika reli kutoka bandari ya Tanga. Mwaka huo huo Mjerumani Richard Hindorf alileta miche ya mkonge, nayo iliyopona ilikuwa 62 tu. Reli ilifika Muheza mwaka 1896: kilometa 40 hivi kwa karibu miaka mitatu! Fedha zikaishia kampuni, na mwaka 1899 serikali ya Wajerumani ikaichukua reli hiyo. Ikafika Korogwe 1902, Mombo 1905, na Moshi 1911. Arusha ilifikiwa mwaka 1929, wakati wa Waingereza.

Chukua ramani uifuate njia hiyo kwa kidole. Inapita kando ya milima ya Usambara na Upare mpaka Kilimanjaro, penye mashamba ya mkonge na kahawa, na mwisho wake wa chini ni bandari. Kama ghala la St Pancras, ilipimwa kwa mzigo. Sisi tukapitiwa na barabara kuu ya Arusha na Dodoma, na mahindi yetu yakategemea lori.

Lakini kipimo cha kwanza chaweza kubadilishwa. St Pancras ilinusurika kubomolewa katika miaka ya 1960, na tangu 2007 treni za kwenda Ufaransa huanzia hapo. Palipokaa mapipa, sasa hupita abiria. Arusha nako treni ya abiria ilirudi mwaka 2020, baada ya miaka 30 hivi. Hata hivyo, ni nafuu kuuliza kabla nguzo hazijasimama kuliko baadaye. Ikipangwa reli, stendi au soko hapa kwetu, nendeni mkutanoni mkaulize: imepimwa kwa mzigo wa nani?

Maswali ya kuzungumza kikundini:

1. Kwa nini Barlow hakuweka nguzo katikati ya stesheni?

2. Taja mazao mawili yaliyosafirishwa kwa reli ya Tanga.

3. Litazameni soko lenu. Je, limejengwa kwa kipimo cha muuzaji, cha mnunuzi, au cha mwenye lori? Mmejuaje?