Safu ya Lugha: Dhifa

Tangazo la hoteli moja ya fahari huku pwani lawaalika wake na waume waje waadhimishe miaka ya ndoa yao kwa "dhifa ya wawili", yenye kamba wa kuchoma, mshumaa mezani na, kwa herufi ndogo kule chini, bei ya kila kichwa. Dhifa, wasomaji wangu, asili yake ni Kiarabu, dhiyafa, nalo lazaliwa na neno lenye maana ya mgeni (wala si lile lililotupa "dhaifu", ingawa wako wanaotoka mezani katika hali hiyo baada ya kuletewa hesabu). Kwa hiyo pasipo mwenyeji anayekirimu na mgeni anayekirimiwa hapana dhifa, na ndiyo sababu Rais amwandaliapo mgeni wa taifa chakula Ikulu, magazeti huandika "dhifa ya kitaifa", na huandika sawasawa. Karamu, iliyo ndugu wa ukarimu, haidai urasmi huo, bali yataka wingi wa walaji na wa masufuria. Walima ni wa harusi. Na hafla ni mkusanyiko tu, hata watu wakitawanyika bila ya kutia kitu kinywani.

Basi wale wawili wamekula chajio cha kuadhimisha ndoa, nacho ni kitamu vile vile. Na mume akishikilia kwamba yeye ni mwenyeji kwa kuwa ndiye mlipaji, amwulize kwanza mkewe kama yu radhi kuitwa mgeni.