Sahara kabla ya mchanga

Kilomita zipatazo 150 kusini-magharibi mwa Cairo kuna bonde liitwalo Wadi al-Hitan, Bonde la Nyangumi. Humo mifupa ya Basilosaurus, nyangumi wa kale, imelala wazi juani, pingili za uti wa mgongo zikiwa bado zimefuatana. Mnyama huyu aliweza kufikia urefu wa mita 18. Mwaka 1989 Philip Gingerich na wenzake waligundua hapo miguu yake ya nyuma: midogo mno kuubeba mwili ule, lakini yenye goti na vidole vyake. Babu zake walitembea nchi kavu. Yeye alikwisha hamia majini. Miaka milioni 37 hadi 40 iliyopita, pale palikuwa bahari.

Nimeanzia baharini kwa makusudi. Tukisikia Sahara, wengi wetu tunawaza mchanga tu, ilhali matuta ya mchanga hayafiki hata theluthi ya zile kilomita za mraba milioni 9 hivi. Kwingine kote ni changarawe, uwanda wa mawe na milima kama Tibesti. Na ukitazama vizuri, mengi ya yaliyopo ni kazi ya maji yaliyoondoka, yakarudi, kisha yakaondoka tena.

Bahari ya nyangumi wale iliitwa Tethys. Afrika ilipokuwa ikisogea kaskazini iliibana, ikasinyaa, na Mediterania ni sehemu ya kilichosalia. Bahari ilipopungua, pepo za mvua nazo zilidhoofika. Tena Sahara imekaa pabaya: hewa yenye joto hupanda Ikweta, humwaga mvua yake huko, kisha huenda kushuka ikiwa kavu kwenye latitudo ya nyuzi 20 hadi 30 hivi. Mwaka 2006 wanajiolojia walieleza matuta ya mchanga ya kale katika jangwa la Djurab, Chad, yenye umri wa miaka milioni 7 hivi. Ndiko lilikopatikana, mwaka 2001, fuvu la Toumaï, mmoja wa viumbe wa kale kabisa katika ukoo unaohusishwa na binadamu. Ila pamoja naye wamefukuliwa samaki na mamba. Tangu mwanzo, basi, jangwa na ziwa vilipeana zamu.

Zamu hizo hupangwa angani. Mhimili wa dunia huyumba kama pia inayozunguka, na kila baada ya miaka elfu ishirini na kitu, kiangazi cha kaskazini huangukia wakati dunia iko karibu zaidi na jua. Hapo bara hupata joto zaidi, nazo pepo za monsuni huvuta mvua hadi ndani ya Sahara. Ndivyo ilivyokuwa tangu miaka 11,000 hivi iliyopita. Ziwa Victoria, ambalo awali lilikuwa limekauka, lilikwisha jaa upya na kumwagikia Nile. Ziwa Chad lilitanuka hadi zaidi ya kilomita za mraba 300,000, yaani zaidi ya mara nne ya Ziwa Victoria la leo.

Watu wakafuata maji. Mwaka 1987 mfugaji wa Kifulani akichimba kisima huko Dufuna, kaskazini mashariki mwa Nigeria, alikuta mtumbwi wa miaka 8,000 hivi. Huko Gobero, Niger, timu ya Paul Sereno ilifukua makaburi kando ya ziwa lililokauka. Katika moja alilala mwanamke na watoto wawili, mikono yao imeshikana. Mtu aliyewalaza hivyo hakuwa mpita njia. Pale palikuwa kwao.

Mvua iliondokaje? Mwaka 2000 Peter deMenocal na wenzake, wakisoma matope ya sakafu ya Atlantiki, walisema ilikatika kwa ghafla. Mwaka 2008 Stefan Kröpelin na wenzake walisoma tabaka za Ziwa Yoa, kaskazini mwa Chad, wakaona ukavu ulioingia polepole. Sioni sababu ya kumkataa mmoja wao. Nchi pana kiasi kile haikauki siku moja, na kisima cha kijiji kimoja chaweza kukauka karne nyingi kabla ya kingine. Kufikia miaka 5,000 hivi iliyopita sehemu kubwa ilikuwa jangwa, na baadhi ya waliohama waliishia kwenye bonde la Nile.

Sakafu ya Ziwa Chad la enzi zile, huko Bodélé, sasa hutoa vumbi lililojaa maganda ya viumbe wadogo wa maji baridi, na upepo hulipeleka hadi Amazon. Maji mengine yalizama kwenye miamba. Ziwa Yoa halikauki kwa sababu hulishwa na hayo. Libya nayo huyavuta kutoka bonde la Kufra na kwingineko jangwani kwa mabomba makubwa hadi miji ya pwani. Benghazi iliyapata mwaka 1991. Nayatazama mabomba hayo kwa wasiwasi, kwani mvua ya Kufra ya leo haitoshi kuyarudisha maji yanayovutwa, na zamu nyingine ya mvua nyingi bado iko mbele kwa maelfu ya miaka.