Neno la Kiingereza "Bungle," na Karanga za Kongwa

Ninyi mlio darasani, mwalimu wenu na aliandike neno la leo ubaoni kwa herufi kubwa: BUNGLE. Huandikwa kwa u, lakini Mwingereza hulitamka kwa sauti iliyo karibu na a yetu, na ng yake ni ile ya ngoma. Limo katika maandishi ya Kiingereza tangu karne ya 16. Maana yake ni kuboronga, yaani kuishika kazi vibaya hata ikaharibika mikononi mwako.

Neno hili lina jirani, clumsy, na wengi huyachanganya. Clumsy ni sifa ya mtu mzito wa mikono. Asili yake ni neno la kale lenye maana ya kufa ganzi kwa baridi. Watu wa Njombe watalielewa upesi: asubuhi ya mwezi wa Julai jaribu kufunga vifungo vya shati! Mtu wa namna hiyo hana kosa. Mtoto akimwaga uji ni clumsy, wala hakuboronga kitu. Lakini bungle ni habari ya kazi uliyoitwaa mwenyewe au uliyopewa, nayo ilikuwa na njia ya kufanywa sawasawa. Mkulima aliyepanda kwa wakati kisha mvua ikakatika, huyo amepata hasara tu.

Sasa tulipime neno hili kwa jambo lililotokea kwetu. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na uhaba wa mafuta ya kula. Mwaka 1946 wajumbe watatu walitumwa kuitazama Tanganyika, na kwa sehemu kubwa waliitazama kwa ndege, kwa muda wa wiki chache. Mwaka 1947 kazi ikaanza Kongwa, katika nchi ya Wagogo. Shabaha ilikuwa kufyeka ekari zaidi ya 3,000,000 na kupanda karanga, kwa gharama ya pauni zipatazo milioni 25. Waziri wa Chakula, John Strachey, aliitetea kazi hiyo Bungeni London.

Matrekta mengi yalikuwa makuukuu, mabaki ya vita. Hata vifaru viligeuzwa kuwa matrekta. Mizizi ya vichaka ilivunja vyuma, na mchanga ukala majembe ya mashine. Tena udongo wa Kongwa una kinamo: mvua ikiisha na jua likiwaka, hukauka kama tofali, na karanga iliyo chini haing'oki. Mwaka wa kwanza walikusudia kulima ekari 150,000. Hata mwisho wa 1947 zilikuwa tayari kama 7,500. Januari 1951 Serikali ya Uingereza iliuacha mpango, na zaidi ya pauni milioni 36 zikafutwa katika vitabu vyake.

Je, huku ndiko kuboronga? Wako waliosema kosa ni la mvua. Mimi sikubali. Ugogo ni nchi ya ukame, na njaa ya Mtunya, iliyoua watu wengi baada ya 1917, ilikuwa bado katika kumbukumbu za wazee. Mvua haikuwa siri. Kosa ni kufyeka kabla ya kuupima udongo, na kununua mashine kabla ya kuuliza wenyeji. Hapo neno bungle linakaa mahali pake barabara. Lakini msilitupe juu ya kila kitu. Bandari ya kina kirefu ya Mtwara ilijengwa kwa ajili ya karanga hizo, nayo ingali ikipokea meli. Reli ya kwenda Nachingwea ndiyo iliyong'olewa katika miaka ya 1960.

Angalieni jambo moja la sarufi. Magazeti ya Kiingereza hupenda kusema kazi "was bungled," yaani iliborongwa. Mtendaji hatajwi. Kiswahili chetu nacho chaweza kufanya hivyo, na wakubwa wanaifahamu sana njia hiyo! Msomapo sentensi ya namna hii, ulizeni: na nani? Katika habari ya Kongwa, dereva wa trekta hakuchagua udongo, wala kibarua aliyeng'oa visiki hakupanga hesabu ya ekari. Sentensi isiyo na mtendaji huwaacha hao wakishukiwa pamoja na waliotia sahihi.

Kazi ya nyumbani: andikeni sentensi tatu zenye neno kuboronga, na katika kila moja mtajeni mtendaji na kazi yake. Juma lijalo tutasoma neno botch, ambalo zamani lilikuwa na maana ya kutengeneza kitu kilichoharibika tu, bila ubaya wowote. Leteni nguo moja yenye kiraka.