Walioanguka na Njia ya Kurudi

Ndugu msomaji, kama unaishi kambini unajua uzito wa karatasi. Bila karatasi hupati posho, hupati kibali cha kutoka, na mtoto anasumbuka shuleni. Basi habari ninayoileta inaanza na karatasi, ila si ya kwetu. Ni ya mafunjo, imetoka Misri, imeandikwa mwezi wa sita mwaka 250, na wasomi waliichapisha mwaka 1893. Mwenye karatasi ni mzee wa miaka 72, Aurelius Diogenes. Ili asichanganywe na mtu mwingine, mwandishi ameongeza alama: ana kovu kwenye nyusi ya kulia. Mzee anaiambia kamati ya kijiji kwamba siku zote amekuwa akiitolea miungu sadaka, na kwamba sasa, mbele ya macho yao, ametoa tena, amemimina kinywaji na ameonja nyama. Anaomba wathibitishe.

Sisi tunachukuliwa alama za vidole, yeye aliandikwa kovu. Kazi ni ileile.

Karatasi za namna hiyo zimepatikana zaidi ya 40 huko Misri. Zilitokana na amri ya Kaisari Decius, aliyeshika utawala wa Roma mwaka 249. Dola lilikuwa linashambuliwa mipakani, naye akaona dawa ni watu wote kurudi kwa miungu ya zamani. Kila mtu atoe sadaka na apewe cheti. Hata kuhani mmoja mwanamke wa mungu wa mamba alipaswa kuwa na cheti chake, kwa hiyo hatuwezi kusema kila mwenye karatasi alikuwa Mkristo. Lakini kwa Mkristo amri hii ilikuwa kisu. Akitoa sadaka amemkana Kristo. Asipotoa, kuna jela, kunyang'anywa mali, kufukuzwa, mateso, hata kifo. Fabiano, askofu wa Roma, alikufa tarehe 20 Januari 250, mwanzoni kabisa mwa dhuluma hiyo.

Tuje sasa Kartago, mji mkubwa wa Afrika ya Kaskazini, ambao magofu yake yako karibu na Tunis ya leo. Askofu wake alikuwa Sipriani, ambaye alikuwa hajakaa muda mrefu kwenye ukristo wala kwenye uaskofu. Yeye mwenyewe anaeleza mambo ya aibu. Watu hawakungoja kukamatwa. Walikimbilia wenyewe mahali pa sadaka, na jioni maofisa walipowaambia warudi kesho, wengine waliomba wamalize leoleo. Baadhi walikwenda na watoto mikononi.

Walioanguka hawakuwa kundi moja. Kulikuwa na waliotoa sadaka ya nyama. Kulikuwa na waliofukiza ubani tu. Na kulikuwa na wajanja: hawakugusa nyama wala ubani, walimpa ofisa pesa wakaandikiwa cheti kwamba wametoa. Hao walijiambia eti mkono wangu ni safi, karatasi tu ndiyo imesema uongo.

Na Sipriani? Alikimbia. Ndiyo, askofu alijificha zaidi ya mwaka mmoja. Wapo waliomsema vibaya, hata mapadri wa Roma walimwandikia kwa maneno ya kuchoma. Yeye alijibu kwamba kukimbia si kukana. Mtu anayeacha nyumba na shamba ili asimkane Mungu wake, naye ametoa ushuhuda. Sisi tulioacha nyumba na mashamba tunaweza kulipokea neno hilo. Toka huko mafichoni aliandika barua nyingi na kutuma fedha kwa maskini na wafungwa.

Hapo ndipo shida ya kweli ikazaliwa. Dhuluma ilipopoa, walioanguka walitaka kurudi. Nani awapokee, na kwa masharti gani?

Walikuwepo waliofungwa na kuteswa bila kukana. Watu waliwaheshimu mno. Walioanguka wakawaendea kuomba barua ya amani, na hao wateswa wakaanza kuziandika, nyingine zikisema apokelewe fulani pamoja na watu wake, bila kutaja ni watu wangapi. Sipriani akakataa. Si kwamba aliwadharau wateswa, ila aliona msamaha unageuka biashara ya vikaratasi, wakati mwenyewe hajalia, hajakiri, hajaangalia alichofanya. Wapinzani wake, akiwemo mmoja aitwaye Felicissimus, wakatangaza kuwapokea watu haraka haraka.

Decius aliuawa vitani na Wagothi mwaka 251. Mwaka huohuo, baada ya Pasaka, Sipriani alirudi mjini na maaskofu wa Afrika wakakutana. Walikaa wakapima. Walionunua cheti wapokelewe, kila mmoja baada ya kesi yake kuangaliwa. Waliotoa sadaka wafanye toba ndefu, na wakiwa karibu na kufa wasinyimwe amani. Mlango haukufungwa, lakini pia haukuachwa wazi kama wa soko.

Ninapenda hasa barua moja ambayo Sipriani alieleza ndani yake kwa nini kesi zitofautishwe. Alisema huwezi kumpima aliyekimbilia sadaka kwa hiari sawa na aliyepigana na nafsi yake muda mrefu. Alimtaja pia mwanaume aliyekwenda peke yake kutoa sadaka ili mke, watoto na nyumba nzima wasiguswe, kisha nyumba hiyohiyo ikawapokea ndugu wengi waliokuwa wakimbizi. Mtu huyo ameanguka, hilo halifichwi. Lakini ndani ya nyumba yake kuna wakimbizi wanaoweza kumwombea.

Roma nako kulikuwa na moto. Kornelio alichaguliwa askofu mwaka 251, naye alikubaliana na njia ya toba. Novatianus, padri msomi sana, akapinga, akajifanya askofu wa upande wa pili. Yeye alisema aliyemkana Kristo afanye toba maisha yake yote kama anataka, ila Kanisa lisimpokee tena. Mungu atajua mwenyewe. Kanisa liwe la walio safi. Kundi lake liliendelea kwa karne kadhaa. Inasimuliwa kwamba Kaisari Konstantino alimwambia askofu mmoja wa kundi hilo achukue ngazi yake apande mbinguni peke yake.

Muda si mrefu baada ya mkutano wa 251, hatari mpya ilikaribia. Maaskofu wa Afrika zaidi ya 40 wakaamua kwamba waliokuwa wameendelea kufanya toba wapokelewe wote sasa hivi, wasingojee kufa. Sababu yao ni ya kichungaji kabisa: vita inakuja, huwezi kumtuma mtu vitani umemnyima chakula. Sipriani mwenyewe alikatwa kichwa tarehe 14 Septemba 258. Leo Wakatoliki wanamkumbuka siku moja na Kornelio, tarehe 16 Septemba.

Sasa niseme kwa nini mtu wa Kivu ya Kusini anahangaika na Kartago.

Siku tuliyokimbia tulikuta bariyeri. Watu wenye silaha walikuwa wanamtafuta katekista wetu, juu ya lile daftari lake la majina ya waamini. Alikuwa amekaa nasi palepale, hatua chache. Alikuwa baba yangu wa ubatizo. Kijana mmoja mwenye bunduki akaniuliza kama ninamjua huyu mzee. Nikasema simjui. Nilidhani ninamsaidia. Pia niliogopa, na kwa muda mrefu nimekuwa nikitaja ile sababu ya kwanza tu. Wengine waliulizwa, mmoja akasema. Walimchukua, sikumwona tena.

Miaka kumi na moja sikuingia kanisani. Padri hakunifukuza, wala sikupata dini nyingine iliyo bora. Jumapili ngoma ya misa ikianza, nilikuwa natafuta kuni. Watu wa jumuiya walidhani nimeokoka kwingine, wale wa makanisa mengine walidhani mimi ni Mkatoliki mkaidi. Ndugu wahudumu wa mashirika, fomu zenu zina mstari wa dini, na mimi nilikuwa nasema hamna. Wengi wanaosema hamna hawajaacha kuamini. Kuna swali tu wanaloogopa mtu asiwaulize.

Nilirudi polepole, na historia hii ilinisaidia kwa mambo matatu. La kwanza, niliona kwamba swali langu ni la zamani. Mwaka 250 lilijaa mji mzima. La pili, hakuna aliyeambiwa abatizwe upya. Aliyebatizwa akaanguka aliwekewa mikono baada ya toba, basi, kwa sababu ubatizo haufutiki. Hapa kambini wapo wanaotuambia turudi mtoni mara ya pili. Kanisa Katoliki halifanyi hivyo. La tatu, niliona njia yenyewe imebadilika sana. Zamani hizo toba ilikuwa mbele ya watu, na kwa kawaida mara moja tu katika maisha. Baadaye watawa wa Ireland walisaidia kueneza ungamo la siri linaloweza kurudiwa, na Mtaguso wa Laterano wa mwaka 1215 ukaamuru kila mwamini aungame angalau mara moja kwa mwaka. Mimi nilihitaji padri mmoja, benchi chini ya mti, na nusu saa.

Padri hakunipa miaka ya kungoja mlangoni. Aliniuliza kama mjane wa katekista yuko hai. Nikasema yuko, zoni ya pili, na kwamba miaka yote hiyo nilikuwa nazunguka nisipite karibu na nyumba yake. Akasema, anza huko.

Nilikwenda siku ya posho, nikambebea gunia lake. Nikamweleza yote, pamoja na ile sababu ya pili. Mama alinyamaza muda mrefu, akiendelea kuchagua mawe kwenye maharage. Kisha akauliza kama nimekula. Sijui kama amenisamehe. Sikumwuliza, maana kumdai msamaha ni kama wale waliokwenda kudai vyeti vya amani kwa wateswa. Naenda kila mwezi siku ya posho.

Kwa wale wenzangu ambao hawakuondoka hata Jumapili moja: tunawaheshimu. Lakini mtu akionekana nyuma ya kanisa baada ya miaka, msianze kunong'ona amefuata mbuzi wa sikukuu. Novatianus alikuwa na akili nyingi na maisha safi, lakini Kanisa halikumfuata. Msogezeeni benchi akae.